Kitambaa juu ya modem ya Papa Viateur

Papa Viateur ni jirani yangu hapa Pinga, mulimaji wa mihogo. Tangu bibi yake Carmel alipokufa, anaishi peke yake, na ukipita asubui utamusikia anaongea na kuku zake. Binti yake Solange aliolewa mbali, Kampala. Yeye njo alimutumia modem na antene ya kuweka juu ya bati, ili waonane kwa telefone. Lakini tangu modem ilipofika, wakiongea kidogo tu koneksio inakatika. Sura ya Solange inasimama kinywa wazi, kisha inapotea.

Basi Solange akazaa, mutoto wake wa kwanza. Akaahidi kumuonyesha baba yake siku ya Mungu, kisha misa. Papa Viateur akapanda juu ya bati, akapanguza antene. Bure. Akanikuta napepeta maharagi.

"Mama Anastasie, wewe uko muntu wa sala. Uombee modem yangu."

Nilicheka, Mungu anisamehe. "Nitaomba, Papa. Lakini tuite na Nicole." Nicole njo anaangaliaka mashini za paruasi, pale kanisani.

Nicole alikuja kwa Papa Viateur, akatafuta modem, hakuiona. Ilikuwa ndani ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kroshe, sawa vile sisi wote tunafunika radio na televizio, kitu cha heshima kisipate vumbi. Akaigusa.

"Yesu! Iko moto kama pasi. Papa, umeivalisha koti, halafu unashangaa inazimia?"

"Ni Carmel alikisuka."

Nicole akashusha sauti. "Papa, joto inatokea kwa hivi vitundu. Ukiziba, inajizima yenyewe. Iweke juu ya meza, wazi. Chomoa waya, sema Baba Yetu mbili polepole, njo uchomeke tena."

Papa Viateur akashika kitambaa.

"Carmel hatamuona huyu mutoto," akasema. "Nilitaka akuwe hata karibu."

Kisha akakitoa mwenyewe, akakikunja, akakiweka chini ya muto wake wa kulalia. Modem akaiweka juu ya meza, akachomoa waya, tukasali Baba Yetu mbili sisi watatu, waya mukononi mwake. Akachomeka, taa ikawaka.

Siku ya Mungu aliniita. Mutoto akaonekana, akapiga mwayo. Papa Viateur akapanguza macho.

"Papa, uko unalia, ao ni koneksio?" Solange akauliza.

"Ni koneksio."

Waliongea kwa urefu, haikukatika hata mara moja. Kisha mutoto akalia. "Papa, acha nimunyonyeshe. Siku ya Mungu ingine, eh?" Sura ikaondoka.

Nilimuaga nikaende kupika. Hakunisikia. Alibaki mbele ya meza, telefone mukononi, taa ya modem inawaka vizuri, na hakukuwa muntu mwingine wa kumupigia.