Muuza televisheni anayeuliza kwanza mama anakaa wapi

Saa tatu na nusu asubuhi, mtaa wa Tikiwin, pembeni mwa Agadir, kusini mwa Moroko. Mwanamke wa makamo amevua viatu mlangoni, ameingia sebuleni kwa watu, na sasa anakaa. Anakaa kwenye kochi la chini ya dirisha, anavuta pumzi, anainuka, anasogea hatua mbili, anakaa tena.

"Bado viti vingapi, bosi?" anauliza mzee aliyesimama kizingitini, amekumbatia kioo kipana kilichofungwa blanketi. "Marehemu anaanza kunielemea."

"Bado kona mbili, ami Hmad. Vumilia."

"Mimi navumilia. Mgongo ndio una akili zake."

Mwanamke huyo anaitwa Ijja Azrur, ana miaka arobaini na minne, na kazi yake ni kuuza televisheni. Mzee Hmad ndiye mbeba mizigo wa duka, mwenye guta la injini na ulimi usiolala. Na Marehemu ni televisheni iliyokufa dukani miaka mitatu iliyopita, ikagoma kufufuka. Wenzake Ijja walitaka kuitupa. Yeye akaiomba.

Tangu hapo haendi kwa mteja bila Marehemu. Husimamishwa ukutani pale mwenye nyumba anapotaka kuweka televisheni mpya, kisha Ijja hutazama ndani ya kile kioo cheusi. Kikionyesha dirisha, basi na televisheni mpya itaonyesha dirisha, hata uilipie bei gani.

"Dukani hakuna jua," anasema. "Dukani kila televisheni ni malaika. Taa zimepunguzwa, samaki wa rangi wanaogelea, mteja anabaki mdomo wazi. Akifika nayo nyumbani, asubuhi anajiona mwenyewe na kipande cha mkate mkononi, anadhani ndiyo taarifa ya habari."

Nyumba ya leo ni ya Lalla Tuda (Lalla ni kama kusema Bibi), mjane anayekaribia miaka themanini. Mwanawe wa pekee, Idder, ni dereva wa mabasi huko Marseille. Amelipa kwa simu televisheni ya inchi themanini na tano, kubwa kuliko zote dukani, yenye kioo kinachong'aa kama sufuria mpya. Ametoa na maagizo: ifungwe ukuta unaotazamana na dirisha, kochi la upande ule liondolewe, na dirisha lifunikwe kwa pazia zito. Pazia lenyewe limeshafika. Liko kwenye mfuko karibu na mlango, rangi ya kahawia, zito kama blanketi la jeshi.

Kwa hiyo kinachoamuliwa asubuhi hii ni kama Lalla Tuda atabaki na jua lake au la. Mwenyewe anamimina chai ya nanaa kutoka juu, povu linapanda, anawasukumia wageni sahani ya amlu, rojo ya lozi na asali, na mkate wa moto.

"Lalla, wewe huwa unakaa wapi?" anauliza Ijja.

"Popote, mwanangu."

"Popote wapi?"

"Popote tu. Mimi si mtu wa kuchagua. Mwanangu anataka nione vizuri, Mungu amjalie."

Ijja ameshaona. Katikati ya sebule, kwenye kochi la nyuma, mito imesimama wima na haina hata mkunjo, maana pale ni pa wageni. Kwenye kona ya chini ya dirisha, karibu na mlango, godoro limezama. Pana kikapu cha nyuzi, miwani iliyofungwa uzi mguu mmoja, na ukutani doa lililong'arishwa na kilemba kwa miaka mingi. Mwenye nyumba hukaa pale ili awe wa kwanza kuinuka mlango ukigongwa au chai ikichemka.

"Kila siku ni kosa hilohilo," anasema Ijja baadaye. "Mwenye pesa anakuja dukani, anasimama katikati, mbele ya kioo, anasema hiyo hapo nzuri. Anachagua kwa kiti asichokalia mtu. Mwenye nyumba yuko konani, na kutoka kule pembeni anaona watu wamepauka kama wana homa ya manjano."

Ndipo saa nne ikafika, na jua likaingia.

Liliingia taratibu, kama mtu anayejua nyumba. Kwanza likashika ukingo wa dirisha, likateremka begani kwa Lalla Tuda aliyekuwa ameshajirudia konani kwake bila mtu kumwona, likaja kumlalia magotini. Glasi za chai zikawaka kijani. Vumbi la zulia likawa linaelea, halina haraka. Hata Hmad alinyamaza, na hilo ni jambo la kuandikwa gazetini.

Bibi alifumba macho nusu. Mikono yake, yenye vifundo vya baridi yabisi, ilikunjuka kidole kimoja kimoja.

"Huyu ni mgeni wangu," akasema. "Saa nne yuko magotini. Saa sita ameshuka kwenye zulia. Akifika mguu wa meza anaaga. Mimi naye tunaelewana."

Ijja aliinama akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Machozi yalikuwa yamemlenga, na ana sababu.

Miaka kumi na moja iliyopita, mshahara wake wa kwanza dukani aliununulia televisheni ya mama yake, marehemu Lalla Yamna, nyumbani kwao Inezgan. Mchana ilikuwa haionekani kwa mwanga, kwa hiyo akashona pazia jeusi kwa mkono wake. Mama akambariki, akaimba, akaita majirani. Kila jioni Ijja alimuuliza ameangalia nini, na mama alikuwa na jibu: leo walikuwa wanapika, leo bwana mmoja alikuwa analia.

"Siku moja ya baridi nilirudi mapema," anasimulia. "Nasikia televisheni inaongea sebuleni. Naingia, giza, hakuna mtu. Mama yuko jikoni, kwenye kigoda, kati ya mtungi wa gesi na gunia la unga. Kuna kipande cha jua pale, upana wa sinia. Amekaa ndani yake. Televisheni aliiwasha ili nisijue."

Hakumwambia kwamba amemwona. Alitoka kwa ncha za vidole, akabisha hodi kwa nguvu, akasubiri afunguliwe. Kesho yake alilishusha pazia, akasema anakwenda kulifua, na hakulirudisha tena.

Lakini alichelewa. Majira hayohayo jirani alipandisha ghorofa ya pili, kisha ya tatu, na jua la sebuleni likaisha kabisa. Mama aliishi miaka miwili mingine, na asubuhi zake zote zilikuwa za jikoni.

"Sijajisamehe," anasema Ijja. "Watu wananiambia ulimnunulia kwa mapenzi. Ndiyo, kwa mapenzi. Lakini sikumuuliza anakaa wapi."

Basi, turudi Tikiwin. Hmad alimvua Marehemu blanketi, akamsimamisha kwenye ule ukuta alioutaka Idder. "Haya, mabibi na mabwana, sinema ya bure," akatangaza.

Kioo cheusi kilijaa chumba kizima. Dirisha lilikuwemo, na milima kwa mbali, na birika, na katikati yake bibi mwenye kilemba kilichozungukwa na mwanga. Lalla Tuda alijitazama. Akainua mkono, na yule wa kwenye kioo akainua. Akacheka mpaka meno yake machache yakaonekana yote.

"Niachieni hii hii!" akasema. "Hii nimeielewa. Mtu ninayemjua, nyumba ninayoijua."

"Lalla, hii imekufa," akasema Hmad.

"Na mimi nimebakisha nini? Tutasikilizana."

Ijja alipiga picha ya kile kioo palepale, kicheko kikiwa bado kinaendelea. Kisha akampigia Idder, sauti ikasikika chumba kizima.

"Kaka, inchi themanini na tano haikai hapa."

"Dada, mimi nimelipa. Majirani wataonaje, nimletee mama televisheni ya kitoto? Fungeni pazia, maneno yaishe."

"Nataka kuweka ya inchi sitini na tano, kioo chake hakirudishi mwanga. Ukuta wa mlangoni, jua liipite ubavuni. Nitaifunga kwa mkono wa chuma igeuke kumtazama konani. Dirisha libaki wazi."

"Konani kuna nani?"

"Mama yako."

"Mama anakaa katikati, dada. Nampigia simu ya video kila Ijumaa, namwona. Yuko katikati, kwenye mito."

Ijja hakubishana. Alituma picha. Simuni ikasikika honi ya basi huko mbali, na mtu akisema jambo kwa Kifaransa.

"Mama," Idder akasema mwishowe, "kwani hapo ndipo unapokaa?"

"Ndipo, mwanangu."

"Na siku zote nakuona katikati?"

"Wewe ukipiga ndiyo nahamia katikati. Nakupokea. Pale si ndipo tunapokaa na wageni?"

Alilisema kwa upole, akiwa anapangusa makombo ya mkate kwenye gauni, wala hakuwa na nia ya kumchoma mtu. Lakini Hmad alitazama chini.

"Pazia lirudi dukani," Idder akasema. "Na Ijumaa usihame, mama. Nipokee hapohapo konani."

Hmad akaenda na guta kubadilisha televisheni, na saa saba mchana kazi ilikuwa imekwisha. Ijja mwenyewe ndiye aliyetoboa ukuta, maana drili hamwachii mtu. Televisheni ikawashwa jua likiwa bado liko kwenye zulia, na rangi zikakaa mahali pake. Kulikuwa na kipindi cha wachunga mbuzi. Lalla Tuda alitazama kidogo, akasema mbuzi wale wamekonda, akasinzia.

Dukani, mwenye duka hakusinzia. Themanini na tano ilirudi juu ya guta, na yeye alinuna. Ijja hupata dirhamu elfu tatu na mia nne kwa mwezi, na kitu kidogo juu yake kwa kila televisheni kubwa inayotoka. Kwa mtindo wake, nyingi zinazotoka ni za wastani.

"Wewe unauza au unatembelea wagonjwa?" mwenye duka alimuuliza.

"Lakini ninazozifunga mimi hazirudi," alijibu Ijja. Na hilo mwenye duka analijua, ndiyo maana mpaka leo hajamfukuza.

Nyumbani kwake Inezgan, sebule haina televisheni. Ile ya mama aliigawa. Mchana inabidi kuwasha taa, ukuta wa jirani uko hatua mbili kutoka dirishani. Ukimuuliza anataka nini maishani hafikirii hata kidogo. Anakuonyesha ngazi.

Juu ya paa tambarare, Jumapili asubuhi, kuna kitu ambacho mgeni hukiona akadhani macho yanamdanganya. Ni fremu ya dirisha, ya mbao, ya buluu iliyochunika, imesimama peke yake na kushikiliwa na nguzo mbili. Haina ukuta kushoto wala kulia. Ijja aliinunua kwenye nyumba iliyokuwa inabomolewa, mwaka juzi, kabla ya kununua hata tofali moja.

"Watu hujenga ukuta wakaacha nafasi ya dirisha," anasema mumewe, Bihi, fundi wa vigae. "Mke wangu ana dirisha, anasubiri ukuta. Siku za mwanzo majirani walinipa pole."

"Na sasa?" anaulizwa.

"Sasa wanapanda kuja kukaa."

Sakafuni kuna alama za chaki. Kila Jumapili, kwa misimu yote minne, Ijja amechora mahali jua linapolala likipita kwenye ile fremu: hapa la kiangazi, hapa la siku za mvua, hapa la baridi kali, lile refu linalofika mpaka kwenye kigoda. Kigoda ni kilekile cha mama, kilichokaa kati ya mtungi wa gesi na gunia la unga.

Matofali yataanza kupanda baada ya Ramadhani, Mungu akipenda. Bihi amepima chumba mara tatu, na mara zote tatu amekuta kigoda kiko pale anapotaka kupitisha ukuta. Amejaribu kukisogeza. Mkewe amekirudisha.

Televisheni je, itakuwepo? Ijja anacheka. Itakuwepo, ya kiasi, nayo itapewa nafasi itakayobaki.

Kisha anakaa kwenye kigoda, anavuta gauni juu ya magoti, anasubiri. Bihi anaita kutoka chini kwamba chai inapoa, na kwamba kigoda lazima kisogee kupisha ukuta. Jua linavuka ukingo wa fremu ya buluu, linateremka begani kwake.

"Ukuta utazunguka," anamjibu mumewe bila kugeuka. "Mama hapa hasogezwi tena."