Binti Yangu Mbele ya Kipimo cha Masikio

Mwalimu wa shule ya watoto wadogo aliponiambia kwamba binti yangu haitiki akiitwa, nilimjibu kwa ukali kuwa hata mimi nisingeiitikia sauti kama yake. Nina mdomo, mtaa wetu wote hapa Beni unajua. Lakini njiani kurudi nyumbani ukali wote uliniisha. Mtoto ana miaka minne. Kwetu, waasi wakivamia, asiyesikia watu wakipaza sauti kwamba tukimbie anaweza kubaki nyuma peke yake.

Kwa hiyo wauguzi walipokuja kutoka Butembo kupima masikio ya watoto, nilifika shuleni mapema kuliko walimu. Muuguzi aliyetupokea, mama wa makamo, alimvika binti yangu vifaa vya kufunika masikio, akaweka mbele yake ndoo na vipande vya mbao.

"Ukisikia ka-sauti, hata kadogo, utie ka-mbao mu ndoo," akamwambia. "Ni mchezo tu, mama."

Binti yangu akashika kipande cha mbao. Muuguzi akabonyeza mashine. Mtoto hakufanya kitu. Muuguzi akaongeza sauti, akabonyeza tena, na tena. Ule mkono mdogo haukusogea.

"Alishaugua masikio?" akaniuliza.

"Hapana."

Niliogopa. Nilijiona nakimbia na mdogo wake mgongoni, nikiita, naye ameketi mlangoni anachezea vijiti, ametugeuzia mgongo. Nilianza kusali, lakini maneno yalinipotea katikati.

Nikainamisha kichwa, na hapo nikaona miguu yake. Kila mara muuguzi alipobonyeza, vidole vilijikunja na pumzi ikasimama. Alipoachia, vidole vikalegea. Nilizijua dalili hizo. Shamba letu la kakao liko upande wa Mangina, waasi wanakopita, na huko watoto wetu tunawafundisha tangu wanapoanza kutembea: ukisikia kitu, usitikisike, hata jina lako likiitwa, usiitike mpaka mama akuguse. Tunawazoeza hivyo nyumbani kama wengine wanavyowazoeza nyimbo za kuhesabu.

"Anasikia," nikasema. "Angalia vidole ya miguu."

Muuguzi akabonyeza tena, safari hii akitazama chini. Akapunguza sauti, akapunguza zaidi, na vidole vikajikunja vilevile. Akacheka kwa furaha. Nilipomweleza sababu, akaacha kucheka.

Nikamgusa binti yangu begani. Akashusha pumzi ndefu, akanitazama. Nililia mbele za watu bila aibu. Anasikia! Mtoto wangu anasikia kila kitu.

"Masikio iko bien," muuguzi akasema, akimvua vile vifaa. "Lakini umufundishe, mama. Akisikia, aitike. Bila ile, ku masomo atafanya namna gani? Mwalimu atamuita, yeye ananyamaza tu."

Alisema kweli, hata mimi ninayebishana na kila mtu niliona hivyo. Nilipiga magoti mbele ya kiti. Binti yangu alikuwa ananisubiri, macho wazi, tayari kushika lolote nitakalomwambia, kwa sababu huyu husikia mara moja na hasahau.

"Umuambie sasa," muuguzi akanihimiza.

Nikakumbuka kazi ya Jumamosi, nikasimama.

"Hapana," nikasema. "Samedi tunaenda ku shamba."