Mama Ndiye Aliyekwenda Vitani

Watu wakisikia kwamba nyumbani kwetu kuna mtu aliyekwenda vita vya Kagera, huniuliza habari za baba. Nawajibu kama ilivyo. Baba alibaki Samuye na ng'ombe wake. Aliyekwenda ni mama.

Wengine hucheka wakidhani natania. Siku hizi nawaacha wacheke mpaka wamalize, kisha narudia. Zamani sikuweza. Nilipokuwa darasa la nne mwalimu aliuliza ni nani ambaye mzazi wake alikwenda vitani. Nikanyoosha mkono, nikasema baba. Nikamvalisha baba kofia ya chuma, nikampa bunduki, nikamvusha na mto. Darasa zima lilinipigia makofi. Kesho yake baba alikuja shuleni na fimbo yake ya kuchungia, akamsalimia mwalimu, kisha akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mimi sikwenda. Mke wangu ndiye aliyekwenda. Mtoto amesema uongo, naomba aurekebishe mbele ya wenzake." Nikasimama nikarekebisha, machozi yananitoka. Hakunichapa. Ingekuwa afadhali angenichapa.

Mama alisomea uuguzi Kolandoto. Alikuwa ameolewa mwaka mmoja tu, hajapata mtoto, alipoitwa yeye na wauguzi wengine. Walipanda treni Shinyanga mpaka Mwanza, wakavuka ziwa kwa meli, wakapangiwa kikosi. Huku nyuma ndugu wa baba walikaa vikao. Walimwambia atafute mke mwingine, maana mwanamke aliyelala kwenye mahandaki na wanaume hawezi kurudi kuwa mke wa mtu. Baba aliwajibu, "Ameitwa na serikali, hajatoroka. Anayetaka kuoa, aoe yeye." Mama aliporudi, amekonda na nywele kazikata, alimkuta baba yuko peke yake anajipikia ugali.

Walikuwa wameahidiana kwamba siku moja watakwenda Kagera wote wawili, mama amwonyeshe alikokuwa. Kila mwaka baba alisema pamba ikikubali. Pamba haikukubali, na baba akafariki. Mama alimaliza eda yake ya kimila, akakaa mwaka mmoja zaidi kimya, kisha akanipigia simu Nyarugusu, ambako ninabeba mawe ya dhahabu kwa pikapu kutoka kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, kwenda kwenye makarasha ya kusaga.

"Hilo gari lako linafika Kyaka?" aliniuliza.

"Linafika, mayu."

"Basi lioshe."

Kaka yangu mkubwa, ambaye ni mwalimu Shinyanga mjini, alikasirika kweli. Alinipigia nikiwa tayari uani kwa mama, nikiangalia maji ya rejeta. "Mama ana miaka sabini. Ana presha. Magoti yake unayajua. Unampeleka kutafuta nini kule? Vita imekwisha, na wenyewe wameshasahau." Sauti yake ilikuwa kubwa, mama akaisikia. Akachukua simu mkononi mwangu.

"Mwanangu, magoti ni yangu," akasema. "Wewe tunza ya kwako." Akakata.

Nilikuwa nimemwekea mto kwenye kiti. Akautupa nyuma. Alisema mara ya kwanza alikwenda amekalia sanduku la dawa na hakuvunjika.

Tulipita Isaka malori yakiwa yamejipanga kusubiri mizigo ya kwenda magharibi, tukapita Kahama, tukashika barabara ya Runzewe. Njia yote hiyo mama hakuwahi kuipita. Aliiangalia kama mtu anayekagua kazi ya mwingine. Tulilala Biharamulo, na kesho yake saa sita mchana tukawa Kyaka.

Kabla ya daraja aliniambia nisimame. Akashuka, akajifunga vizuri kanga kiunoni, akaanza kuvuka kwa miguu. Nilimfuata na gari taratibu, nyuma yangu lori likipiga honi bila kupumzika. Nikatoa kichwa dirishani kumwomba mama asogee, apande. Hakugeuka.

"Mwache apige," alisema. "Mara ya kwanza nilivuka daraja la wanajeshi, la vyuma vya kuunga, usiku wa manane, tumeambiwa tusikohoe. Leo navuka mchana na kelele. Mwache apige."

Alivuka lote. Dereva wa lori alipotupita alifungua mdomo atukane, akamwona bibi kizee amesimama wima kando ya barabara anamtazama, akaufunga.

Alichokuwa anakitafuta ni nyumba. Alisema kikosi kilipovuka mto na kusonga mbele, wao wauguzi waliwekwa kwenye nyumba ya mtu, ya bati, kwenye mwinuko, ambayo wenyewe walikuwa wameikimbia. Ndipo walipokuwa wakiletewa majeruhi. Alikumbuka kisima kilichozungushiwa mawe mbele ya nyumba, basi. Tuliuliza Bunazi, tukaelekezwa kushoto, tukarudishwa kulia. Kote ni migomba na kahawa, nyumba mpya, mashamba ya miwa kwa mbali. Saa tatu nzima tulizunguka. Mimi nilishaanza kutunga maneno ya kumfariji. Tukapanda kinjia kimoja chembamba mpaka migomba ikawa inakwangua milango ya gari, na mbele yetu pakawa na kisima. Mawe yake yalikuwa yameota ukungu wa kijani.

Mama alishuka akaenda akaweka kiganja juu ya jiwe.

Mwanamke alitoka upande wa kahawa na panga mkononi. Alikuwa wa umri wa mama au amemzidi kidogo, mrefu, amefunga kitambaa kichwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Alikuwa anamwangalia mama.

"Mnatafuta nani?"

"Sitafuti mtu, dada," mama alisema. "Nilikuwa hapa wakati wa vita. Mimi ni muuguzi. Nyumba hii ilikuwa yetu ya majeruhi."

Yule mwanamke aliliweka panga juu ya kisima, polepole. "Nyumba hii haikuwa yenu," akasema. "Ilikuwa ya baba yangu. Sisi tulikimbilia ng'ambo ya mto na mikeka tu. Adui alichukua ng'ombe, akachukua na redio. Hilo nalijua, tuliwaona kwa macho. Lakini tuliporudi, milango yote haikuwepo. Milango mitatu ya mninga, baba aliichonga kwa mkono wake. Tulikuta majivu hapo uani na misumari. Adui alikuwa ameshafukuzwa zamani. Kwa hiyo nimekaa miaka yote hii nikitaka kujua ni nani katika watu wetu aliyechoma milango yetu."

Nilitaka kusema kitu. Nilitaka kusema ilikuwa vita, mama yangu alikuwa binti mdogo, waliochoma ni wanaume wa kikosi. Nilifungua mdomo kabisa. Mama akaninyooshea kidole bila kunigeukia.

"Mimi," akasema. "Milango nilichoma mimi."

Mwanamke akasogea hatua moja karibu na panga lake.

"Mvua ilikuwa inanyesha siku ya nne," mama aliendelea. "Kuni zote zimelowa. Nilikuwa na watu kumi na mmoja chini, hapo sebuleni kwenu, na vyombo vya kuchemsha ili daktari awatoe vyuma vilivyowaingia. Nikaagiza milango ing'olewe. Yule askari aliyeing'oa alisita, akasema hii ni mali ya mtu. Nikamwambia lete. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sikuombi msamaha, dada. Ingekuwa leo, ningeichoma tena."

Nilihesabu hatua za kufika kwenye gari.

"Walipona?" mwanamke akauliza.

"Saba."

"Na hao wengine?"

"Wanne hawakupona. Wawili walikuwa wadogo kuliko mimi."

Mwanamke aliinua panga lake, akalipangusa kwenye kanga. "Ingieni ndani," akasema. "Siwezi kugombana na mtu amesimama juani."

Alitupa ndizi na samaki, na kahawa ya kutafuna kwenye kibakuli cha ukindu. Walikula kwenye sahani moja, wakigombana. Sijui jambo lile niliite nini kingine. Mwenyeji alisema angalau mmoja wangeuacha. Mama akasema mlango mmoja haumsaidii mtu katika nyumba yenye madirisha wazi. Mwenyeji akasema baba yake aliishi miaka miwili akiziba mlango kwa mkeka na hakuwahi kuchonga tena. Mama hapo akamsogezea kipande kikubwa cha samaki.

Baadaye mwenyeji alitupeleka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na bonde refu, jembamba, limejaa migomba minene kuliko mingine yote shambani. "Handaki lenu," akasema. "Tulishindwa kulifukia, tukapanda humo." Kabla sijamzuia, mama alikuwa ameshashika mgomba, anateremka. Nikaruka nikamshika kiwiko. Tukasimama wote wawili mle ndani, majani juu ya vichwa vyetu, na hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza.

Siku moja mizinga ilianza kuanguka karibu. Likaja gari kutoka mtoni, na ofisa mmoja akatoa amri wauguzi wanawake wote wapande, warudi ng'ambo. Gari lilikuwa na nafasi ya watu sita. Wanawake walikuwa wanne, na majeruhi wasioweza kutembea walikuwa watano. Mama alikuwa humu handakini na mmoja wao, kijana aliyepigwa tumboni.

"Nikamwambia yule ofisa, pakia hawa. Akasema hii ni amri. Nikasema nimeisikia. Akasema, 'Usipokufa leo nitakushtaki.' Nikamwambia, 'Nisipokufa leo nitakuja mwenyewe mahakamani, afande, njoo na wewe.' Wenzangu wawili walipanda, na siwalaumu hata kidogo. Mmoja alibaki na mimi. Tukawapakia majeruhi wanne. Wa tano hakubebeka."

"Akakushtaki?"

"Sikumwona tena. Sijui kama alikufa au alisahau." Alipiga ukuta wa udongo kwa kiganja, kama mtu anayempiga ng'ombe begani. "Watu husema nilikwenda kufunga bandeji. Ndiyo, nilifunga. Waje wasimame hapa wafunge na wao."

Nilikuwa na miaka arobaini na minne siku ile, na nilijiona mdogo sana. Nilimwomba radhi kwa ajili ya lile jambo la darasa la nne. Alishangaa. Alikuwa amelisahau kabisa, au baba hakumwambia.

Tulikaa pale siku mbili. Kaka alipiga simu asubuhi ya pili, nikamweleza tulipo, akasema nimrudishe mama leo hii. Mwenyeji akaomba simu. "Wewe ndiye mkubwa?" akamwuliza. "Mama yako yuko kwangu, anakula, anabishana. Hana presha yoyote. Ukimtaka, njia ni hii hii waliyopita." Kaka hakujua aongee na nani wala kwa sauti gani. Mwishowe akasema shikamoo.

Wakati wa kuondoka waliagana kwa mikono tu. Mama alishukuru kwa Kisukuma, "wabeja", na yule akajibu kwa Kihaya. Hakuna aliyetafsiri.

Kurudi, mama alizungumza njia nzima. Majina ya watu, vijiji vyao, walivyopenda kula. Tulipofika Runzewe, penye mafundi seremala wanaopanga vitanda na milango kando ya barabara, akaniambia simama. Akashuka, akapita milango ya mninga mmoja baada ya mwingine, akiigonga kwa vidole. Alikuwa na vipimo kichwani: kumbe alikuwa amepima fremu ya mlango wa mbele kule kwa mwenyeji wetu kwa shubiri, alfajiri ya kuondoka, sisi tukiwa bado tumelala.

"Ulisema huombi msamaha," nikamwambia.

"Siombi. Niliichoma kwa haki. Lakini yule anastahili mlango." Akamgeukia fundi. "Huu una ufa. Nionyeshe mwingine. Na usinipe ubao wa kuchanganya, mimi najua mninga unavyoungua."

Fundi alimtazama kwa wasiwasi, akaenda kutafuta mwingine.

Tuliupakia kwenye lori lililokuwa linakwenda Bukoba, dereva akapewa namba ya simu na maelekezo ya kisima. Baada ya siku tano nikiwa kwenye karasha, vumbi mpaka kwenye kope, simu iliita. Nilikimbilia pembeni mashine zisinizibe masikio.

"Mlango umefika," yule mwanamke alisema bila salamu. "Umezidi vidole viwili. Imebidi nimwite mtu auchonge kwa randa. Mwambie mama yako hajui kupima."

Jioni nikampigia mama Samuye, nikamfikishia ujumbe neno kwa neno. Alicheka mpaka akakohoa, nami nikamsubiri.

"Mwambie," akasema alipopata pumzi, "mlango ni sawa. Ni nyumba yake iliyopinda."