Sharti la Kaka Matano kwa Darubini

Isdory ni mtu wa Songea, na tangu apange chumba kwangu hapa Utende sijamwona akichovya hata kidole baharini. Fundi mzima, maji ya chumvi anayaogopa. Nimemtania mpaka nimechoka. Lakini ile darubini yake aliipenda, jamani. Aliifunga mwenyewe juu ya mnara wa tangi la maji la kijiji, akaiunga na intaneti ili wenzake walioko Dar es Salaam waizungushe kutoka huko huko, wafuatilie satelaiti.

Kijiji kilikubali kwa sharti moja: isitazame bahari. Mwenye sharti ni kaka yangu Matano. Nyavu zake za macho madogo zilikamatwa na doria ya hifadhi ya bahari, na tangu hapo kila chombo chenye kioo kwake ni doria. Ikigeukia baharini mara moja tu, inashushwa, na Isdory anafunga virago.

Siku ya majaribio tulijaa pale baada ya swala ya Magharibi. Isdory alisimama mikono nyuma, maana siku hiyo wa kuizungusha ni wenzake wa Dar, yeye haruhusiwi kuigusa. Ikanguruma yenyewe. Ikazunguka, ikainama, ikaelekea kisiwa cha Chole, baharini kabisa.

"Umeona?" Matano akasema. "Inatutazama sisi wavuvi."

"Inasubiri, mzee. Satelaiti inatokea upande huo."

"Ishushe."

Nikamwambia kaka yangu afunge domo lake kidogo. Na hapo, wallahi, juu ya mikoko ya Chole kikatokea kinyota, kinapanda taratibu wala hakipepesi. Darubini ikainuka nacho. Kinapanda, nayo inapanda, na hakuna mkono ulioigusa! Nilipiga vigelegele kama niko harusini. Isdory machozi yalimtoka kwa furaha.

Matano hakushangilia. Aliuliza, "Hicho huko juu kina kazi gani?"

"Kinapiga picha za dunia, mzee."

"Na sisi kinatuona?"

Nikamkonyeza Isdory: sema hapana, mwanangu, yaishe. Aliniona vizuri tu.

"Kinaona," akasema. "Bahari yote, na mashua zilizomo."

Kaka yangu alibaki macho juu mpaka kile kinyota kikapotea.

"Kumbe anayetuchungulia ni yule," akasema. "Basi hii yako isishuke. Na sisi tumwone yeye akipita."