Mkia wa Tiara ya Koplo Minors

Kwetu Bermuda, Ijumaa Kuu bila tiara angani ni Ijumaa tu. Alonzo Minors, mkata mawe wa Warwick, alilijua hilo tangu utotoni, na vita havikumsahaulisha.

Alijitolea kwenda Ufaransa na kikosi chetu cha mizinga ili afyatue mzinga, basi. Walipofika wakaambiwa watu weusi kazi yao kubeba makombora, wa kufyatua wapo. Dharau iliyoje! Wakabeba, hata siku bohari la makombora lilipopigwa na adui, na hakuna aliyekimbia. Siku hiyo ndiyo iliyompa Alonzo ukoplo. Mama yake, Bi Keturah, alisimama kanisani akatangaza kabla mchungaji hajafungua kinywa. Mistari ile miwili ya ukoplo mkononi ndiyo kitu pekee alichopewa vitani, na aliipenda kama roho yake.

Ijumaa Kuu ya mwaka 1917 akaunda tiara kwa mbao za masanduku ya makombora, akaibandika karatasi ya kuvuma kwa upepo kama tufanyavyo nyumbani. Akairusha uwanjani nyuma ya kambi, ikavuma kwelikweli. Meja mmoja mgeni akadhani ni ndege ya adui, akajitupa mtaroni. Vijana wakacheka mpaka mbavu zikauma.

Meja akaibuka anachuruzika tope. "Nani mpumbavu huyu?"

"Mimi, afande. Leo Ijumaa Kuu."

"Shusha lidude hilo! Adui ataliona!"

Alonzo akatazama puto kubwa la jeshi lililoelea juu yao. "Na lile letu, afande, adui anadhani ni mwezi?"

Meja akaiva uso. "Chagua, koplo. Nilikanyage hilo hapa hapa, au nikuvue cheo."

Alonzo alimkumbuka mama yake, akaumia hasa. Clarkson Dill, rafiki yake wa tangu nyumbani, ndiye aliyeshika uzi, na tiara ilikuwa ikiyumba.

"Lonzo, itaanguka hii," akasema. "Mkia mfupi."

"Ivute."

Ilipofika chini, Alonzo akatoa kisu, akakata mistari yake miwili, akaifunga mkiani. Kisha akaiachia tiara. Ikapanda, ikatulia, ikavuma.

"Cheo chako kile pale, afande," akasema akionyesha juu. "Kakichukue."

Walimvua cheo, na kwa adhabu wakamfunga kwenye gurudumu la mzinga saa kadhaa kila siku. Huo ndio mzinga aliokaribia kuliko yote, na mimi hasira haijanitoka mpaka leo.

Vita vilipokwisha akarudi Warwick askari wa kawaida. Bi Keturah akampokea mlangoni, akaupapasa mkono wa koti usio na mistari.

"Wewe Lonzo! Mistari iko wapi? Kanisa zima linaisubiri!"

"Niliifunga kwenye tiara, Mama. Ijumaa Kuu. Mkia ulikuwa mfupi."

Mama akamwangalia usoni.

"Ikapanda?"

"Ikapanda, Mama."

"Basi ingia ule. Jumapili utavaa koti hilo hilo, na tutakaa mbele."