Bega la Viola

Viola Nekesa ndiye aliyetegemewa kupiga smashi katika timu ya voliboli ya kiwanda kimoja cha nguo pale Thika, na kwa miezi mingi alikuwa akificha maumivu ya bega la kulia. Asubuhi alichana nywele kwa mkono wa kushoto. Mazoezini alicheka kuliko wote, mtu asimwone akikunja uso. Voliboli ndiyo iliyomtoa Bungoma ikampa kazi, na aliogopa kocha Gathogo akijua atamweka mwingine.

Siku moja Gathogo akamleta Waceke, fizio wa kutibu viungo kutoka Ruiru, awapime wachezaji mabega kabla ya ligi. Viola alilala chali kwenye benchi. Waceke akamnyoosha mkono kando, akamkunja kiwiko, ngumi ikatazama juu. Akaushusha taratibu kuelekea kichwani, kisha akaweka kipimo chake, rula mbili za plastiki zinazofunguka kama mkasi, akasoma pembe. Mkono ulikuwa umeenda mbali. Viola akatabasamu.

"Sasa upande wa miguu."

Hapo mkono ukagoma mapema. Viola akainua bega kidogo, ngumi ikashuka. Waceke akalikandamiza bega kwa kiganja.

"Usinisaidie, mami. Wacha mkono ufike mahali utafika."

Haukufika popote. Waceke akapima na wa kushoto, akajumlisha pembe za kila mkono.

"Mkono wa kupiga mpira hulegea ukienda nyuma, upande wa kichwa, hiyo ni kawaida. Lakini huu umepoteza mbele, upande wa miguu, zaidi ya ulichopata nyuma. Unauma tangu lini?"

Viola alitaka kukana, machozi yakamtangulia. "Usimwambie kocha, tafadhali."

"Utamwambia wewe."

Akamwambia, macho yakiwa chini. Gathogo alishika kichwa. "Ngai! Na mimi kila jioni nakupigisha smashi! Utapokea mipira nyuma mpaka upone. Jezi ni yako."

Kupokea kulimchubua magoti na kumshusha majivuno. Kila jioni alilala ubavu, akiukandamiza mkono wa kulia kwa wa kushoto, polepole, jinsi Waceke alivyomfundisha.

Fizio aliporudi, ngumi ilishuka karibu sawa na ya kushoto, bega likiwa limetulia benchini. "Anza kupiga," alisema, "lakini kwa adabu."

Gathogo akarusha mpira juu ya wavu. Viola akaruka, akaupiga, ukatua ng'ambo. Wenzake walipiga vigelegele, ila yeye alisimama kwanza akilisikiliza bega. Halikusema kitu.

"Kocha," akaita, "rusha mwingine."