Dakika Tatu za Posta

Sijui kukaa nikasubiri. Miaka ile ya tisini, katika maktaba yetu ya Mtwara, nilipewa kazi ya kushughulika na wauza vitabu wa Dar es Salaam, na kazi yenyewe yote ni kusubiri. Unaandika barua, wiki inapita, ya pili inapita. Mimi nilikuwa napanga upya rafu zilizokwisha kupangwa, wenzangu wakinicheka.

Mwaka mmoja nilikuwa na sababu ya kuhangaika. Mwalimu wa shule ya msingi kule Mahurunga, mama wa makamo, alikuwa akijisomea mtihani wa kidato cha sita. Jiografia ilikwisha kumwangusha mara mbili, na mkuu wake alimwambia hatampa ruhusa tena baada ya safari hii. Kila Jumamosi alidandia lori la muhogo hadi mjini kusoma kitabu chetu, ambacho mtu asiye na haya alikinyofoa kurasa zote za ramani. Niliagiza kipya. Nikamwahidi kitamfikia kabla ya mtihani.

Alhamisi moja ya mwezi wa pili ikaja barua: katoni yetu itapakiwa kwenye lori kesho yake, Ijumaa. Nilisimama palepale. Mvua zilishaanza kukata barabara, na lori la wakati ule lingekwama Rufiji mpaka masika yaishe. Meli ilikuwa inaondoka Dar Jumamosi. Nilichotakiwa kusema ni maneno machache tu: msiweke kwenye lori, wekeni melini.

Nikakimbilia posta, nikaomba simu. Nikapangiwa dakika tatu na kibanda cha pili. Akapokea mzee wa stoo, ambaye nilimjua kwa mwandiko tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Mtwara?"

"Nzuri, mzee."

"Watoto hawajambo? Mvua je? Na korosho mwaka huu?"

Korosho! Mimi mtu wa Mbeya, sina hata mkorosho mmoja, nikajibu kwamba zilikuwa nzuri. Miguu ilinicheza mle kibandani, lakini mdomo ulijibu kama nilivyolelewa, maana mtu mzima hakatizwi salamu. Tena zamu yangu ikafika, nikamuuliza za nyumbani kwake. Akanieleza kwamba mkewe ameumia mguu kisimani, na namna alivyoteleza.

"Poleni sana, mzee. Sasa, ile katoni..."

Simu ikakatika. Dakika tatu zilikuwa zimekwisha.

Nikarudi kwenye foleni. Laini ya Dar haikupatikana tena mchana kutwa, na simu ya maandishi niliyotuma jioni ilimfikia mzee lori likiwa limeshaondoka. Katoni ilikuja kufika mwezi wa sita, vitabu vimevimba kwa maji, mtihani umeshapita.

Jumamosi ile, siku mbili baada ya simu, mwalimu alikuja kama kawaida, miguu ina vumbi la muhogo. Nilikuwa nimezunguka meza tangu asubuhi nikitafuta pa kuanzia. Tukasalimiana. Kwa mara ya kwanza nilitamani salamu zisiishe.

"Barua yao imekuja?" akauliza.

"Imekuja. Wanaleta kwa lori."

Alijua barabara ile kuliko mimi. "Hukuwaambia waweke melini, dada?"

"Nilipiga simu," nikasema. "Nikaishia kumsalimia mzee."

Nikamweleza yote, mpaka mguu wa mke wa mzee. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, na kwa kweli niliitaka, maana nilijichukia. Akatazama daftari lake.

"Na huo mguu," akasema, "unaendeleaje?"

"Sijui. Simu ilikatika."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko, kisha akakivuta kile kitabu kisicho na ramani, akaanza kunakili.